Maradhi ya Tumbo Yanayosafiri kwa Mikono

Katika masomo yaliyopita tulisoma habari za malaria na habari za kichocho. Leo twasoma habari za maradhi ambayo hakuna mtu darasani humo asiyeyajua, maana kila mmoja wetu yamekwisha kumpata. Ni maradhi ya kuharisha na kutapika. Walimu, tafadhali andikeni ubaoni neno KIRUSI, na kando yake wingi wake, VIRUSI. Darasa lisome pamoja kwa sauti mara mbili.

(Hapa mwalimu asimame kidogo.)

Mtu akiharisha, twazoea kusema, "Amekula kitu kibaya," au, "Amekunywa maji machafu." Mara nyingi ni kweli. Lakini wengi wenu mmeona jambo hili. Mtoto mmoja wa nyumba anaanza kutapika usiku. Kesho yake anaanza nduguye. Siku ya tatu mama yao yuko chooni, na bibi yao analalamika tumbo. Nao ni watu safi. Maji yao wameyachemsha, ndoo ina kifuniko, chakula walikila cha moto. Basi maradhi yamepita mlango gani? Hilo ndilo swali la somo letu, na jibu lake naweza kulisema sasa hivi: yamepita mkononi.

Kirusi ni kijidudu kidogo kuliko vijidudu vyote vya maradhi tulivyovisoma. Ukivipanga virusi 10,000 vya kuharisha katika safu moja, safu hiyo haitazidi milimita moja katika rula yako. Havionekani katika maji yanayong'aa, wala katika kiganja kinachoonekana safi. Vipo virusi vya namna nyingi. Vile vya mafua huingia puani, lakini hivi vya leo huingia kinywani, hushuka tumboni, huzaana katika utumbo, kisha hutoka kwa kinyesi na kwa matapishi. Viwili katika hivyo vina majina ambayo yafaa kuyajua: kirusi cha noro na kirusi cha rota.

Habari za noro zilianza hivi. Mwaka 1968, katika mji mdogo wa Norwalk, jimbo la Ohio, Marekani, maradhi ya kutapika yaliingia katika shule moja ya watoto. Katika muda wa siku mbili tatu, nusu ya wanafunzi na walimu waliugua. Kisha wakafuata watu wa nyumbani mwao, karibu mmoja katika kila watatu. Madaktari walitafuta kijidudu wasikione. Ilipofika mwaka 1972 mtaalamu aitwaye Albert Kapikian na wenzake walikiona kwa hadubini ya nguvu sana, na jina la noro limetokana na jina la mji huo. Yafaa tukumbuke kwamba hiyo ni Marekani, nchi tajiri. Pesa za mtu hazikizuii kirusi hiki. Hata leo hushika watu katika meli za kitalii, katika hospitali na katika nyumba za wazee.

Kirusi cha rota kilionekana mwaka uliofuata, 1973, katika mji wa Melbourne, Australia. Aliyekiona ni bibi mmoja mtaalamu, Ruth Bishop, pamoja na wenzake, walipokuwa wakichunguza matumbo ya watoto wagonjwa. Kina umbo la duara kama gurudumu lenye njiti zake, na neno rota katika Kilatini maana yake ni gurudumu. Noro hushika watu wa umri wote, na mtu aweza kuugua leo na kuugua tena mwakani. Rota huwapenda watoto wachanga, hasa kuanzia miezi 6 hadi miaka 2. Kabla ya chanjo kuenea, karibu kila mtoto duniani alikuwa amekwisha kupatwa na rota kabla hajatimiza miaka 5, wa Ulaya na wa Afrika sawasawa. Tofauti ni kwamba wa Ulaya aliugua akapona, na wa kwetu wengi zaidi walizikwa. Mwaka 2000 ilikadiriwa kwamba rota peke yake iliua watoto zaidi ya 500,000 duniani katika mwaka ule mmoja.

Sasa tuifuate njia. Mtoto ameharisha. Katika gramu moja ya kinyesi chake, yaani kiasi cha kushika ncha ya kijiko, mna virusi mabilioni. Na mtu mzima wa afya akimeza virusi vichache tu, havifiki hata 100, vyatosha kumwangusha. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya maradhi haya yaambukize upesi namna hii. Mama amemtawaza mtoto, amemwaga nepi, amesuuza mikono kwa maji kidogo bila sabuni, kisha ameshika kata ya mtungi, mlango, shilingi ya kumpa muuza nyanya, na kijiko cha uji. Kila alipogusa ameacha kitu. Nao wanaishi muda mrefu nje ya mwili, siku nyingi juu ya meza, kitasa au kidude cha kuchezea cha mtoto.

Hapa watu wengi, na hasa sisi wa pwani, tuna jibu letu. Husema, "Mimi natawaza kwa mkono wa kushoto, nala kwa wa kulia." Ni desturi nzuri, na wazee walioiweka walikuwa na akili. Lakini mtazameni mtu akikanda unga wa chapati. Mtazameni akimenya muhogo, akikuna nazi, akikamua tui, akifikicha mchicha. Anafanya kwa mkono mmoja? Mikono miwili yote imo ndani. Tena hata wakati wa kunawa, mkono mmoja huusugua wenzake. Desturi ya mkono wa kushoto inalinda tonge lako wewe mwenyewe, nayo hailindi sufuria ya watu kumi.

Lipo jambo jingine ambalo nalisema nikijua litawaudhi wengine. Ni lile karai la kunawia. Msibani au harusini wageni wameketi jamvini, karai moja la maji linapitishwa, kila mmoja anachovya mikono, anampa wa pili. Wa kwanza amenawa. Wa kumi ameoga mikono ya watu tisa. Ikiwa wa tatu ametoka kumwuguza mtoto anayeharisha, basi mkeka mzima umepata sehemu yake, kisha wote wanamega ugali katika sinia moja. Sisemi watu waache kula pamoja. Nasema maji yamiminwe. Kijana ashike birika, karai likae chini lipokee maji machafu, sabuni ipitishwe. Hivyo ndivyo wengi walivyokuwa wakifanya zamani kwa wageni wa heshima, na sijui kwa nini mgeni wa kawaida anyimwe.

Na kama nyumba haina bomba, tengenezeni kibuyu chirizi. Chukueni dumu dogo la lita 5, litobolewe tundu dogo kwa msumari wa moto karibu na mdomo, litundikwe kwenye mti uliolazwa juu ya panda mbili, na kamba ifungwe shingoni mwa dumu ishuke hadi kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Mkono haugusi kitu ila maji na sabuni. Kibuyu hicho kikae mlangoni mwa choo, na cha pili kikae jikoni. Kimoja hakitoshi, maana mpishi hatakwenda chooni kwa ajili ya kunawa tu.

Kunawa kwenyewe ni kazi ya sekunde 20, muda wa kuhesabu moja mpaka ishirini pasipo haraka. Viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, na chini ya kucha. Sabuni haikiui kirusi cha noro, lakini hukibandua kutoka ngozini, na maji yanayomiminika hukichukua. Kwa hiyo kazi iko katika kusugua na kumimina. Sabuni ya mche ya kufulia yafaa sawa na ile ya harufu nzuri ya dukani. Asiye na sabuni asugue kwa jivu kuliko kuacha. Tangu siku za Korona, mwaka 2020, wengi wamezoea kile kitakasa mikono cha spiriti. Ni kizuri kwa Korona, lakini kwa noro hakifai sana. Mtu asijidanganye kwamba amenawa.

Mtu akiniuliza ni saa gani za kunawa kuliko zote, nitamjibu baada ya kutoka chooni, baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kumlisha mtoto na kabla ya kula. Hiyo ya kumtawaza mtoto ndiyo inayosahauliwa. Wako wanaosema kwamba kinyesi cha mtoto anyonyaye si uchafu, kwa sababu hajala chakula. Ndugu zangu, kinyesi cha mtoto mwenye rota kina hatari kuliko cha mtu mzima yeyote katika mtaa. Kitupwe chooni, si mgombani wala mtoni.

Mgonjwa akitapika sakafuni, watoto waondoke pale, maana vijitone vya matapishi huruka mbali kuliko tunavyoona. Funika kwa jivu, mchanga au matambara, uzoe, utupe chooni. Kisha tumia dawa ya klorini, ile ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Someni karatasi ya chupa, ndiyo faida ya kujua kusoma. Ikiwa imeandikwa asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha dawa na vikombe 6 vya maji, mwagia, uache dakika 10, ndipo upanguse. Fungua madirisha. Usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia choo, kwani hutoka moshi wa sumu. Wala usinawie mikono. Shuka na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, zianikwe juani.

Na mpishi? Aliyeugua asipikie wengine mpaka zipite siku 2 kamili tangu kuharisha na kutapika kulipokoma. Najua jambo hili ni gumu. Katika nyumba nyingi mpishi ni mmoja, naye ndiye mwuguzi, naye ndiye mchota maji. Akina baba wa madarasa, siku hizo mbili ni zenu. Kusonga ugali hakuhitaji diploma. Mama lishe na mwenye hoteli nao waelewe kwamba siku mbili za kufunga duka ni hasara ndogo. Wale wa pwani wanaokula chaza na kombe wawapike mpaka wachemke sana, maana viumbe hao huchuja maji ya bahari na kukusanya ndani yao uchafu ulioteremka kutoka mjini.

Kwa rota kuna ngao nyingine, nayo ni chanjo. Tanzania ilianza kuitoa kwa watoto wote mwaka 2013, na Kenya mwaka 2014. Si sindano. Ni dawa ya matone ambayo mtoto humeza, na huanza kupewa akifikisha wiki 6. Mwuguzi huandika katika kadi tarehe ya kurudi. Isomeni tarehe hiyo wenyewe, msingoje kuambiwa. Mtoto aliyechanjwa huenda akaharisha bado, maana vijidudu vya kuharisha ni vingi, lakini rota ile kali iuayo humpata kwa nadra.

(Mwalimu aulize: Nani ana kadi ya mtoto wake nyumbani? Wailete darasani siku ya pili.)

Sasa nifike mahali ambapo nataka msikilize kuliko kote. Mtoto anayeharisha hauawi na kirusi chenyewe. Hufa kwa sababu maji na chumvi ya mwili vimetoka havikurudishwa. Ukuta wa utumbo una vinyuzi vidogo vidogo kama vya taulo, na vinyuzi hivyo ndivyo vinavyonyonya maji. Rota huviharibu, kisha maji hupita moja kwa moja. Mtoto mchanga hana akiba kubwa ya maji. Aweza kuanza asubuhi, na usiku akawa katika hatari.

Na sisi twafanya nini? Wako wanaomnyima maji, wakisema, "Akinywa ndiyo anazidi kuharisha." Wako wanaomwachisha ziwa, wakisema maziwa ya mama yameharibika. Maziwa hayakuharibika. Ni chakula chake na ni maji yake. Anyonye mara nyingi kuliko siku zote. Wako wanaosema, "Ni meno tu," wakangoja. Lakini fikirini. Meno huanza kuota karibu na miezi 6, na wakati huo huo mtoto anaanza kutambaa, anaokota kila kitu na kutia kinywani, na anaanza kula uji uliopikwa na mikono ya watu. Meno na virusi vimekutana njiani tu. Mahali pengine hufanya baya zaidi: humkata mtoto ufizi na kung'oa kile wanachokiita meno ya plastiki. Kinachong'olewa ni chipukizi la jino lake la kweli. Kuharisha hakukomi, na sasa ana jeraha linalotoka damu.

Dawa yenyewe ni maji yenye chumvi na sukari. Sukari kidogo huivuta chumvi kupita ukuta wa utumbo, na chumvi huvuta maji. Mlango huo hubaki wazi hata utumbo ukiwa mgonjwa. Madaktari walilithibitisha jambo hili kwa wagonjwa wa kipindupindu mjini Dhaka mwaka 1968. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi walikusanyika Bangaon, India, na kipindupindu kikaingia. Maji ya kutia mishipani yakakaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha watu maji ya chumvi na sukari, yakipokelewa katika mapipa na kunyweshwa na jamaa za wagonjwa wenyewe, watu wasio waganga. Kabla ya hapo walikuwa wakifa kiasi cha watu 30 katika kila 100. Baada yake walikufa wasiozidi 4.

Zahanati hutoa pakiti iliyoandikwa ORS. Pakiti nzima humiminwa katika lita moja ya maji safi ya kunywa, si katika kikombe. Chupa mbili za maji za nusu lita ndizo lita moja. Ikibaki baada ya siku moja, imwagwe. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe kwa kisu visifanye kilima. Onja kabla ya kumpa mtoto. Chumvi isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga, anza tena, kwa sababu chumvi nyingi humdhuru.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila aharishapo, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Yuko atakayekata tamaa hapa, aseme yote yametoka. Hayatoki yote. Endelea. Zahanati hutoa pia vidonge vya zinki, vimezwe siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma. Msinunue vidonge vya rangi mbili vya kuulia bakteria. Virusi haviuawi na vidonge hivyo.

Nenda zahanati mara moja, hata usiku, ukiona macho yamezama, utosi umebonyea, mtoto analia bila machozi, hakojoi, au ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Utosi uliobonyea si maradhi ya peke yake ya kupakwa dawa. Ni ishara kwamba maji yamekwisha mwilini. Nenda pia kama hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, amepata degedege, au kuna damu katika kinyesi. Njiani endelea kumnywesha na kumnyonyesha.

Kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi aandike katika daftari majibu ya maswali mawili, sentensi mbili au tatu kila moja. La kwanza: nyumbani kwako, ni nani humtawaza mtoto, naye hunawia wapi? La pili: tangu mahali hapo mpaka jikoni, hugusa vitu gani kabla ya kufika? Walimu wakusanye madaftari, na wanaotaka kuuliza waandike maswali yao chini ya majibu. Nitayajibu katika kipindi kijacho, Mungu akipenda.